Kijiji Kilichojua Kuzika: Haworth na Ombi la Maji

Shemeji alisimama katikati ya makaburi ya Haworth, akasoma jiwe moja mpaka mwisho, kisha akarudi juu akalisoma upya. Lilikuwa jiwe pana lililolazwa ardhini, jeusi kwa moshi wa miaka mingi, na juu yake yalichongwa majina ya watoto wa nyumba moja: wa miezi michache, wa mwaka na nusu, wa miaka minne, na mwishoni jina la mama yao. Kando yake palikuwa na jiwe jingine la namna hiyo hiyo, na jingine tena, yamebanana kiasi kwamba mtu hapati pa kukanyaga isipokuwa juu ya majina ya watu.

"Shemeji," aliniuliza, "hapa palipita vita gani?"

Nilimjibu kwamba hapakupita vita. Kilikuwa kijiji cha sufu.

Hakuridhika na jibu hilo, wala mimi sikuridhika nalo. Tuliendelea na matembezi yetu kama wageni wengine wanaopanda mlima huu wa West Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ili kuiona nyumba walimokulia dada watatu wa ukoo wa Brontë, Charlotte, Emily na Anne, ambao riwaya zao zinasomwa duniani kote. Lakini swali lake lilinikaa kichwani kwa majuma mengi. Kila mgeni anayefika Haworth huja kwa ajili ya dada wale. Majirani zao, wale waliochana sufu, waliosokota nyuzi na kufuma vitambaa, ndio waliojaa chini ya mawe tuliyokuwa tukiyakanyaga, na habari zao zinasimuliwa kwa haraka haraka ili msimulizi awahi kurudi kwenye riwaya.

Nimeamua kuandika kuhusu majirani, na kuhusu baba wa wale dada, aliyekuwa kasisi wao.

## Aliyeshika daftari

Patrick Brontë alizaliwa Ireland mwaka 1777 katika familia ya hali ya chini, akafika Haworth mwaka 1820, na hakuondoka tena mpaka kifo chake mwaka 1861. Kwa zaidi ya miaka 40 yeye na wasaidizi wake ndio waliobatiza, waliofungisha ndoa na waliozika. Sisi tuliolelewa katika Kanisa la Anglikana Afrika Mashariki tunalifahamu daftari la parokia na uzito wake, kwa maana wamisionari walituletea mpango ule ule: jina, tarehe, wazazi, sahihi ya kasisi. Anayeshika daftari hilo kwa miaka mingi anakijua kijiji kwa namna ambayo hata daktari hawezi kukijua.

Kwa cheo, Haworth haikuwa hata parokia kamili. Ilikuwa sehemu ya parokia kubwa ya Bradford, na jambo hilo lilizaa ugomvi usiokwisha. Wanakijiji walikuwa na wadhamini wao waliosimamia ardhi iliyotoa mapato ya kasisi, nao walishikilia kwamba hakuna kasisi atakayepandishwa mlimani kwao bila ridhaa yao. Mwaka 1819 kasisi wa Bradford alipojaribu kuwateulia mtu, Samuel Redhead, waumini walimfanyia vurugu ndani ya kanisa, na baada ya majuma matatu hivi aliacha kazi. Patrick Brontë alipokelewa baada ya pande zote mbili kukubaliana kumteua kwa pamoja.

Naitaja habari hii kwa sababu wanakijiji wa Haworth hawakuwa watu wanyonge wasiojua kusema hapana. Walijua sana. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu litarudi tutakapofika kwenye maji.

Mke wa Brontë alifariki mwaka 1821. Mabinti wakubwa wawili walifariki mwaka 1825 wakiwa bado watoto. Mwana wake wa pekee, Branwell, alifariki Septemba 1848, Emily akafuata Desemba mwaka huo huo, na Anne akafariki Mei 1849 huko Scarborough, pwani, alikopelekwa kutafuta nafuu. Agosti 1849, miezi mitatu tu baada ya msiba wa Anne, mzee huyu wa miaka 72 alituma kwenye Bodi Kuu ya Afya jijini London ombi lenye sahihi za wanakijiji, akitaka serikali ilete mkaguzi achunguze maji na usafi wa Haworth.

Kwa muda mrefu niliusoma mfululizo huo wa tarehe kama baba anayedai haki ya watoto wake. Sasa sidhani kwamba ndivyo ulivyo. Kilichowaondoa Emily na Anne kilikuwa kifua kikuu, na nyumba ya kasisi ilikuwa na kisima chake yenyewe. Maji aliyoyaomba hayakuwa ya nyumbani kwake.

## Chumba cha mchana sufu

Ili kuelewa aliyaomba kwa ajili ya nani, inabidi kuingia kwanza ndani ya nyumba ambayo watalii hawaonyeshwi.

Kijiji kiliishi kwa kitambaa cha worsted, ambacho hufumwa kwa nyuzi za sufu ndefu. Viwanda vilikuwa chini bondeni, kando ya kijito, kwa sababu vile vya kwanza viliendeshwa kwa nguvu ya maji kabla ya mashine za mvuke. Usokotaji ulihamia viwandani mapema, na ufumaji ukafuata. Lakini kazi ya kuchana sufu, yaani kuzitenga nyuzi ndefu na fupi na kuzilaza upande mmoja kabla ya kusokotwa, ilibaki majumbani mpaka katikati ya karne ya 19, kwa sababu hapakuwa bado na mashine iliyoiweza vizuri kuliko mkono.

Mchana sufu alikuwa na machanuo mawili mazito yenye safu za meno marefu ya chuma. Moja lilifungwa kwenye nguzo, akalijaza sufu iliyopakwa mafuta. La pili alilishika mkononi na kulivuta juu ya lile la kwanza, tena na tena, mpaka nyuzi zote zinyooke. Machanuo hayo hayakufanya kazi yakiwa baridi. Yalipashwa moto kwenye jiko la chuma lililowekwa katikati ya chumba, na mara nyingi wachanaji kadhaa walilizunguka jiko moja ili wagawane gharama ya mkaa. Jiko liliwaka mchana na usiku. Madirisha hayakufunguliwa, au yalifunguliwa mara chache sana, kwa sababu baridi ya nje ingeharibu kazi. Na chumba hicho chenye jiko, mafuta na vumbi la sufu mara nyingi ndicho familia ilimolala.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana ya kulala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa.

Wachanaji walikuwa watu wenye fahari ya kazi yao. Walikuwa na mtakatifu wao, Askofu Blaise, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Februari, na mwaka 1825 Bradford iliiadhimisha kwa maandamano makubwa ya watu wa sufu, matajiri kwa mafundi, wakipita barabarani pamoja. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, wachanaji na wafumaji wa Bradford waligoma kudai malipo bora. Mgomo ulidumu majuma 23 na ukaisha kwa kushindwa. Tangu hapo ujira wao uliendelea kushuka, na kadiri ulivyoshuka ndivyo walivyochana kwa saa nyingi zaidi, na jiko halikupata kuzimwa.

## Jumatatu, saa nane usiku

Mkaguzi alifika Aprili 1850. Aliitwa Benjamin Herschel Babbage, mhandisi, na taarifa yake ni fupi, kavu, na haina neno lolote la kubembeleza hisia za msomaji. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyokusudia.

Aliandika kwamba kijiji hakikuwa na mfereji hata mmoja wa maji machafu chini ya ardhi. Machafu yalipita wazi barabarani. Vyoo vilikuwa 69 kwa kijiji kizima, wastani wa choo kimoja kwa nyumba nne na nusu. Viwili kati ya hivyo, kila kimoja kikitumiwa na familia kumi na mbili hivi, vilisimama kando ya njia, mbele ya macho ya kila mpita njia. Majaa ya taka na kinyesi yalikuwa yameegemea kuta za nyumba.

Kisha akafika kwenye maji. Palikuwa na visima vya umma na pampu chache, na baadhi hazikutumika. Wakati wa kiangazi maji ya kisima kimojawapo yalipungua kiasi kwamba maskini waliamka Jumatatu saa nane au saa tisa usiku, wakaenda kupanga foleni na ndoo zao, ili wapate maji ya kufulia nguo za juma zima. Na maji yenyewe wakati mwingine yalikuwa ya kijani na yamevunda, hata ng'ombe waliopelekwa kunywa walionja, wakageuza vichwa na wakakataa kuyagusa tena.

Ng'ombe alikuwa na hiari ya kukataa.

Babbage alipiga hesabu kwa kutumia madaftari. Wastani wa umri wa waliokufa Haworth ulikuwa miaka 25.8. Kati ya waliozaliwa, asilimia 41.6 walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Aliifananisha hali hiyo na mitaa michafu kabisa ya London, kama Whitechapel, ilhali hapa tunazungumzia kijiji kilichoegemea nyika ya milimani, chenye upepo safi ambao wageni wa leo husafiri mbali kuja kuuvuta.

Takwimu ile ya miaka 25.8 hutajwa sana, na hutajwa vibaya. Watu huisikia na kudhani kwamba mtu wa miaka 30 alikuwa mzee pale. Sivyo. Patrick Brontë alifikisha miaka 84. Tabitha Aykroyd, mwanamke wa kijiji aliyewapikia na kuwalea watoto wake, alikuwa na umri wa miaka themanini na ushei alipofariki mwaka 1855. Tabitha alikuwa akisimulia kwamba aliwajua watu waliowaona viumbe wa ajabu wakicheza kando ya kijito usiku wa mbalamwezi, zama ambazo bonde halikuwa na viwanda, na kwamba viwanda ndivyo vilivyowafukuza. Aliyevuka utoto aliweza kuishi miaka mingi. Wastani ulivutwa chini na watoto wachanga na wale waliokuwa wameanza tu kutembea. Kwa hiyo kijiji hakikuwa na upungufu wa wazee wenye kumbukumbu, na kila mmoja wa wazee hao alikuwa amezika wadogo zake, au watoto wake, au wajukuu.

Hili ndilo lililonisumbua kuliko takwimu yenyewe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

## Watoto walioungua

Kabla ya ombi la maji, kasisi alikuwa ameandika kuhusu jambo jingine, na naona ndilo linalomwonyesha vizuri zaidi.

Mwaka 1844 aliliandikia gazeti la Leeds Mercury barua kuhusu mavazi ya watoto. Alieleza kwamba katika miaka yake zaidi ya 20 pale Haworth alikuwa amewazika watoto 90 au 100 waliokufa kwa kuungua baada ya nguo zao kushika moto, na kwamba karibu wote walikuwa wamevaa pamba au kitani. Aliwasihi wazazi wawavishe wanawe sufu au hariri, kwa sababu hizo hazishiki moto upesi.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kuwa barua ya mzee mwenye hofu nyingi, na kweli alikuwa na hofu ya moto maisha yake yote. Inasemekana hakutaka hata mapazia nyumbani mwake. Lakini hebu fikirini kijiji chenyewe. Hapa sufu ilijaa kila chumba. Baba aliichana usiku kucha, dada mkubwa aliisokota kiwandani, shangazi aliifuma. Na mtoto wa nyumba hiyo alivaa pamba, kwa sababu vitambaa vya pamba kutoka ng'ambo ya pili ya milima, Lancashire, vilikuwa rahisi kununuliwa kuliko kitambaa ambacho wazazi wake walikitengeneza kwa mikono yao. Kisha mtoto huyo aliachwa nyumbani pamoja na jiko lisilozimwa, kwa kuwa kila mwenye mikono ya kufanya kazi alikuwa kazini.

Kazini humo walikuwamo hata watoto wenyewe. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza watoto walio chini ya miaka tisa kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo. Sheria ya mwaka 1844 ilipunguza saa za watoto mpaka saa sita na nusu kwa siku na kuwalazimisha kuhudhuria shule kwa nusu ya siku iliyobaki, lakini sheria hiyo hiyo ilishusha umri wa kuanza kazi hadi miaka nane. Kwa walio wengi, Jumapili ndiyo iliyobaki kuwa siku ya kujifunza kusoma bila macho kufumba kwa uchovu. Kasisi alijenga shule ya Jumapili kando ya kanisa mwaka 1832, na mabinti zake walifundisha humo.

Barua ile haikulaumu mtu. Ilihesabu, kisha ikatoa ushauri. Ni mwandiko wa mtu ambaye ameona jambo moja likijirudia kaburini mwaka hadi mwaka, na hawezi tena kulisomea sala peke yake.

## Nani alikataa

Hapa ndipo nilipokwama, na nimebadilisha mawazo zaidi ya mara moja.

Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1848 iliruhusu mkaguzi atumwe ikiwa sehemu moja ya kumi ya walipa kodi ya kuhudumia maskini wataweka sahihi zao, au ikiwa vifo vitazidi 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Baada ya ukaguzi, mahali hapo pangeweza kuundiwa bodi yake ya afya, yenye mamlaka ya kujenga mifereji na kuleta maji, na yenye mamlaka ya kutoza kodi ili kuzilipia kazi hizo.

Kodi. Hapo ndipo palipoungana kila kitu.

Baadhi ya wenye mali, hasa wale waliokuwa na maji yao wenyewe, walipinga. Hawakuona sababu ya kulipia mabomba yatakayowafikia wengine. Mambo yakakokotwa mwaka baada ya mwaka, kasisi akaendelea kuandika barua London akiuliza kwa nini hakuna kinachofanyika, na ni mwishoni mwa miaka ya 1850 tu ndipo maji yalipoanza kuletwa kwa utaratibu unaostahili. Wakati huo watoto waliozaliwa mwaka wa ukaguzi walikuwa ama wamekwisha kufa au wamekwisha kuanza kazi kiwandani.

Hasira yangu ya kwanza iliwaendea wapinzani hao moja kwa moja, na bado sijaiondoa yote. Mtu aliyekuwa na kisima uani, aliyewasikia wanawake wakipita na ndoo saa nane za usiku, na bado akaweka sahihi ya kupinga, sina neno jema la kumwambia.

Lakini nilipozidi kusoma nilianza kuona kwamba kanisa lenyewe lilikuwa na mkono katika jambo hili. Katika miaka ya 1830 mzozo mkubwa wa Haworth ulikuwa kodi ya kanisa. Kwa sheria, kila mwenye nyumba alitakiwa kulipa kodi ya kutunza jengo la Kanisa la Uingereza, awe anasali humo au hasali. Na Haworth ilikuwa na Wamethodisti wengi pamoja na makanisa mawili ya Wabaptisti, watu waliojenga nyumba zao za ibada kwa fedha zao na waliona ni dhuluma kulipia paa la wengine. Zaidi ya hapo, walidaiwa kuchangia hata kanisa la Bradford. Mikutano ilikuwa mikali. Kasisi Brontë, kwa mujibu wa nafasi yake, alisimama upande wa kodi. Kodi hiyo haikuacha kuwa ya lazima nchini mpaka mwaka 1868.

Sasa jiweke mahali pa Mbaptisti mwenye vijumba viwili vya kupangisha. Kwa miaka mingi umemwona kasisi yule akiongoza mikutano ya kukudai fedha kwa ajili ya kanisa lisilo lako. Kisha anakuja tena, na karatasi nyingine, na kodi nyingine, safari hii kwa ajili ya maji. Na wakati ni ule ule ambao mashine za kuchana sufu, zilizokamilishwa miaka ya 1840 na 1850 na watu kama Samuel Cunliffe Lister wa Bradford, zinawaondolea wapangaji wako kazi, hata hujui kama watakulipa pango la mwezi ujao.

Simtetei. Nasema tu kwamba imani kati ya kasisi na sehemu kubwa ya kijiji ilikuwa imekwisha kutumika, na ilitumika kwa ajili ya paa. Ilipofika zamu ya maji, haikutosha. Hii ni hukumu yangu mwenyewe kutokana na niliyosoma, na naiandika kwa uchungu, kwa sababu ninamheshimu mzee huyu.

Kwa haki yake, hakuwa mtu wa kuwapendelea wakubwa kila mara. Mwaka 1837 alizungumza hadharani Haworth dhidi ya sheria mpya ya maskini ya mwaka 1834, iliyotaka wasiojiweza wapelekwe kwenye nyumba za kazi badala ya kusaidiwa wakiwa majumbani mwao, na siku hiyo watu wa madhehebu yake na wale wasio wa madhehebu yake walisimama pamoja. Inaonyesha kwamba iliwezekana.

## Ardhi iliyojaa

Kulikuwa na swali jingine ambalo Babbage hakulikwepa, nalo lilimgusa kasisi mlangoni pake.

Katika miaka kumi iliyotangulia ukaguzi, walizikwa watu 1,344 katika uwanja ule mdogo. Umekaa juu ya mteremko, na kijiji kipo chini yake. Mkaguzi alisema uwanja ufungwe. Alieleza pia kwamba mawe yale mapana yaliyolazwa juu ya makaburi yalizuia majani na miti kuota, ilhali mimea ndiyo ingesaidia ardhi kufanya kazi yake juu ya miili.

Kwa hiyo heshima yenyewe ilikuwa na madhara. Familia iliyonunua jiwe pana kwa akiba ya miaka, ili jina la mtoto lisipotee, ilikuwa inaifunika ardhi iliyohitaji kupumua.

Mawe hayo hayo yalikuwa na matumizi mengine. Wanawake wa kijiji waliyatandazia nguo mbichi ili zikauke, kwa kuwa uwanja wa makaburi ulikuwa mahali pa nadra penye nafasi, jua na upepo. Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi aliyekuja mwaka 1845 na ambaye baadaye alimwoa Charlotte, aliona ni aibu, na mwaka 1847 akapigana vita ya kuwaondoa. Alishinda. Nawafikiria wanawake hao mara nyingi. Waliamka saa nane usiku kutafuta maji, wakafua kwa maji waliyoyapata, wakapanda mlima na furushi la nguo zilizolowa, na hapo juu wakaambiwa kwamba wanawavunjia heshima wafu, wafu ambao wengi wao walikuwa ni watoto wao wenyewe.

Sidhani walihitaji kufundishwa heshima ya wafu.

Brontë mwenyewe alitunga shairi la utani kuhusu ugomvi huo, na kwa jinsi ninavyolisoma, hakuuona kuwa jambo zito. Yeye aliyekuwa akiwazika hakuudhika kuziona nguo za walio hai juu ya mawe. Naona alikuwa ameelewa jambo ambalo msaidizi wake kijana hakuwa amelielewa bado.

## Barua za mzee

Alipotuma ombi lile la 1849, jicho lake moja lilikuwa limekwisha kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huko Manchester mwaka 1846, bila dawa ya usingizi. Charlotte, wa mwisho kubaki hai kati ya watoto wake sita, alifariki Machi 1855. Mzee alibaki na mkwe wake katika nyumba ile iliyozungukwa na makaburi pande mbili, na aliendelea na kazi kadiri mwili ulivyomruhusu mpaka alipofariki tarehe 7 Juni 1861. Familia ilizikwa ndani ya kanisa, chini ya sakafu, isipokuwa Anne. Kanisa lenyewe lilibomolewa mwaka 1879, ukabaki mnara tu, na jengo jipya likainuliwa mahali pake.

Wachanaji wa mkono walikuwa wamekwisha kutoweka kabla ya hapo. Wengine waliingia viwandani, wengine walihama. Reli ilifika bondeni mwaka 1867, ikipakia vitambaa kwenda chini na wageni kuja juu, na wageni waliulizia nyumba ya mabinti.

Nimemwandikia shemeji jibu refu kuliko lile nililompa tukiwa makaburini. Nimemweleza kuhusu jiko, kisima na mavazi ya pamba, kuhusu sehemu moja ya kumi ya walipa kodi, na kuhusu paa la kanisa lililotangulia kuchukua kile ambacho maji yangekihitaji. Amenijibu kwamba kasisi alipaswa kuacha kodi ya paa na kuanza na kisima tangu mwaka 1820. Nami nimemjibu kwamba mwaka 1820 hapakuwa na sheria ya kushika wala bodi ya kuandikia, kwamba hata daktari bora wa zama hizo hakujua ugonjwa unapitaje ndani ya maji, na kwamba sheria ilipotungwa mwaka 1848, mzee alikuwa na karatasi mezani kabla ya mwaka mmoja na nusu kupita. Shemeji hajakubali. Anasema foleni ya saa nane usiku haihitaji sheria ili ionekane, na juu ya hilo bado tunaandikiana.